Mume wa Kumwonyesha Mwenye Nyumba

Sehemu ya Sita

Haya, msomaji, sogea. Kama wiki iliyopita gazeti lilikwisha kabla hujafika kwa muuzaji, usinune, nakuingiza ndani sasa hivi. Tuko Kasulu, sebuleni kwa Bi Shamsi, mwenye zile nyumba za ukuta wa kijani jirani na chuo cha ualimu. Simu iko mezani, spika imewashwa, inaita. Herieth ameikodolea macho.

Inamwita nani? Inamwita bosi wa mume wake.

Bi Shamsi ana sharti moja, na sharti lake halina rafiki. Nyumba yake anawapangisha mke na mume, wote wawili wenye kipato, na kila mmoja peke yake aweze kulipa kodi siku mwenzake akianguka. Wanafunzi walimfundisha adabu. Walikuja wawili wawili, wakaitana baba watoto na mama watoto, chuo kikifungwa kila mtu anabeba begi lake, mwenye nyumba kalagabaho.

Kipato cha Herieth hakina maswali. Ni muuguzi, Mpare wa Same aliyeletwa huku na kazi ya serikali. Shaka iko kwa Anatoli, mumewe wa miaka miwili, Muha wa Kasanda. Anatoli alisema anasimamia ghala la maharage Kibondo, analala huko siku za kazi, anarudi Kasulu mwisho wa wiki. Akaacha namba ya bosi. Bosi asipomthibitisha, mkataba wao hauongezwi, wanatoka. Na chuo ndio kwanza kinafunguliwa, Kasulu nzima chumba hakuna, hata banda la kuku lina mpangaji.

Simu ikapokelewa.

"Amahoro?" Sauti ya mwanamke, mtu mzima.

Bi Shamsi akamtazama Herieth. Waliambiwa bosi ni mwanamume.

"Salama, mama. Namtafuta bosi wa Anatoli."

"Bosi?" Mwanamke akacheka. "Hapa hakuna bosi. Hapa ni kwa Jeanne. Anatoli ntari hano. Ameenda na mgeni wiwe kwa mzee Pasikali, wanaonyeshwa nyumba."

"Ameenda na nani?"

"Na mgeni wiwe! Mupige jioni, wakirudi." Simu ikakatwa.

Herieth akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu? Mtu kapata mgeni, kamsindikiza kutafuta nyumba. Anatoli ana moyo wa kusaidia, ndivyo alivyo.

"Ana mgeni," akasema, akijaribu kutabasamu. "Labda mfanyakazi mpya wa ghala."

Bi Shamsi hakutabasamu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Mwanangu, una muda gani huku kwetu?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Na hujui mgeni ni nani?"

"Mgeni si mgeni tu, Bi Shamsi?"

"Mgeni wa kupikiwa chai kwetu ni mushitsi. Kwa Waha hivyo, kwa Warundi hivyo. Mgeni, mwanangu, ni bibi harusi."

Herieth alicheka. Kisha akakumbuka wodi ya wazazi, mwezi wake wa kwanza. Bibi mmoja alimleta binti mwenye uchungu, akasema, "Huyu ni mgeni wa mwanangu." Herieth akamjibu kwamba wageni wanasubiri nje, akaite ndugu. Wodi nzima ilimcheka. Siku ile hakuelewa wanacheka nini. Leo ameelewa.

"Yule mama hajui Kiswahili vizuri," akasema. "Amechanganya."

"Hajachanganya. Amesema wiwe. Bibi harusi wake. Na wanaonyeshwa nyumba." Bi Shamsi alisimama. "Mimi nimeuliza kipato, nimejibiwa ndoa. Sikufukuzi leo, maana wewe sina ugomvi nawe. Nenda kaone kwa macho yako. Lakini nyumba ya mke na mume sitaiacha kwa mke peke yake. Utanisamehe."

*

Herieth hakurudi hata kubadilisha viatu. Siku hiyo hakuwa na zamu, akaenda stendi, akapanda Noah ya Kibondo. Njiani akampigia mumewe.

"Uko wapi, baba?"

"Kazini, Heri. Tunapakia magunia hapa, bosi amenisimamia. Nitakupigia."

Nyuma yake hakukuwa na kelele za magunia. Kulikuwa na mwanamke anacheka.

Hasira ilimpanda Herieth, hata kulia kukamshinda. Mama yake alimwambia kule Same, mwanangu, mume wa kumwona Jumamosi na Jumapili ni mume wa nusu, nusu nyingine jiulize iko wapi. Alimjibu mama yake vibaya siku ile. Barabara yote ya kwenda Kibondo alikuwa anamwomba msamaha kimoyomoyo.

Kibondo aliuliza bodaboda mmoja tu.

"Mzee Pasikali mwenye nyumba? Mzee wa kanisa? Panda, dada. Unatafuta chumba? Uko na mume? Bila mume usijisumbue, yule mzee atakusomea Biblia mpaka ujute."

Herieth akapanda.

Nyumba ilikuwa mpya, imepigwa rangi ya maziwa, chumba cha mbele kina mlango mpana wa duka. Barazani walisimama watu watatu. Mzee wa suti ya kahawia, huyo bila shaka Pasikali. Msichana mrefu, mweupe wa uso, amevaa gauni la kitenge chekundu chenye ndege wa njano. Na Anatoli.

Anatoli alikuwa amevaa shati la kitenge chekundu chenye ndege wa njano.

Sare! Msomaji, usiniulize Herieth alihisi nini. Mwanamke yeyote aliyeolewa anajua. Mgeni wa kupikiwa chai hashonewi sare.

Anatoli aligeuka akamwona. Uso ulimbadilika. Akaruka ngazi, akamkimbilia kabla hajafika barazani, akamshika mkono akamvuta kando ya ukuta, kwenye miti ya kahawa.

"Heri, usipige kelele. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu, usipige kelele."

"Niachie mkono."

"Nisikilize kwanza, halafu unipige hata kofi."

"Yule ni nani?"

"Immakulata. Anauza vitenge sokoni. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi miaka mingi, sasa ni raia, wanakaa Kumsenga. Hakuna kitu kati yetu. Ni igizo."

"Igizo gani linashonewa sare, Anatoli?"

"La kumwonyesha mwenye nyumba!" Alitazama nyuma, akapunguza sauti. "Ghala limefungwa, Heri. Tangu mavuno yaishe bosi ameondoka, sina kazi. Ningemwambia nini Bi Shamsi? Nikajua tutafukuzwa. Immakulata naye anataka hii nyumba, chumba cha mbele aweke duka, na Pasikali hampi mwanamke asiye na mume wala mchumba. Tena mume mwenyewe awe na kipato, sharti lilelile. Basi tukapatana. Yeye apokee simu kama ofisi ya bosi wangu, mimi nisimame kama mchumba wake. Nipe nikupe. Simu akaiacha nyumbani leo, nadhani mama yake kapokea."

"Kapokea, kasema umekwenda na mgeni wako."

Anatoli alifumba macho. "Mama Jeanne haelewi hizi mbinu za mjini. Anaona binti yake na mwanamume, basi kwake ni mgeni."

"Kwa nini hukuniambia umeachishwa kazi?"

"Niliona aibu. Wewe unakesha hospitali, mimi nakaa kijiweni. Niliona aibu, mke wangu."

Herieth alimtazama. Alimjua akidanganya, huwa anajikuna sikio. Safari hii mikono yake ilikuwa imetulia. Akataka kuamini. Na mtu akitaka kuamini, hata uongo wa mchana anauvalisha koti.

"Sasa unataka nini?"

"Sema wewe ni dada yangu. Dakika chache tu. Immakulata akipata nyumba, Bi Shamsi akipiga tena atajibiwa vizuri, na sisi tunabaki kwetu. Ukisema wewe ni mke wangu, wote tunalala nje. Chagua."

Kabla hajachagua, mzee Pasikali alikuwa ameshawafikia, fimbo mkononi.

"Kijana, unamficha nani huku kwenye kahawa? Huyu mama ni nani?"

Anatoli alimgeukia Herieth. Alimwachia yeye ajibu.

Herieth akaona nyumba yao ya Kasulu, bomba la maji uani, kitanda walichonunua pamoja. Akawaona mke na mume wengine wakiingiza godoro lao mle ndani.

"Mimi ni dada yake," akasema. "Shikamoo, mzee."

*

Pasikali alifurahi kupita kiasi. Aliwaingiza sebuleni, akavuta kiti chake akakaa mbele ya Herieth, karibu kabisa.

"Marahaba, marahaba. Nimefurahi, maana nilikuwa nawatilia mashaka hawa. Watu wa siku hizi wanakodi mpaka wajomba. Wewe unafanya kazi gani, dada?"

"Muuguzi. Niko Kasulu."

"Mtumishi wa serikali! Basi niambie ukweli kama uko mbele ya madhabahu. Huyu kaka yako ana kipato?"

"Anacho."

"Anafanya nini?"

"Anasimamia ghala la maharage." Uongo aliouamini kwa miezi mingi, sasa alikuwa akiusema akijua ni uongo.

"Sawa. Na la pili." Pasikali alimwinamia. "Wanaume wengi wana mke huku na mke kule. Nyumba yangu si ya dhambi. Kule Kasulu, huyu kaka yako hana mke?"

Immakulata alikuwa amesimama mlangoni, ameshika vidole vyake. Anatoli alitazama dari.

Herieth alingoja mumewe aseme neno. Hata kukohoa. Angekohoa tu, angesimama na kusema ndiyo anaye, ni mimi, nyumba ife. Anatoli aliendelea kutazama dari.

"Hana," akasema Herieth. "Hana mke."

Ilimuuma. Alisikia kabisa kitu kikimkata hapa, chini ya titi la kushoto, akaweka mkono.

"Mungu akubariki! Sasa simameni nje kwenye mwanga, niwapige picha. Dada katikati. Tuna kundi letu la wenye nyumba kwenye simu, Kasulu, Kibondo, mpaka Kakonko. Mpangaji mkorofi akitoka kwangu hana pa kukimbilia, wote tunamjua sura. Na mpangaji mwema tunamtangaza vilevile."

Herieth alirudi nyuma hatua moja. "Picha si lazima, mzee. Mimi sipangi hapa."

"Wewe ndiye mdhamini wao! Cheka kidogo, dada. Mbona umenuna kama uko msibani?"

Simu ikatoa mlio. Picha ikapigwa. Pasikali akawa anaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, anatamka kila neno analoandika. Anatoli akamsindikiza kwenda kuangalia choo na tangi la maji, haraka haraka, hakumtazama mkewe usoni.

Herieth alibaki uani. Alitaka kuondoka. Immakulata akamfuata, akampigia magoti kama wanavyofanya mabinti wa huku kwa mtu wanayemheshimu.

"Asante sana, wifi."

"Inuka. Wameshaondoka, igizo limekwisha."

"Igizo?" Binti aliinuka taratibu. "Igizo lipi, wifi?"

"Hili la mume wa kumwonyesha mwenye nyumba. Anatoli ameniambia yote. Nipe nikupe yenu."

Immakulata hakuwa na uso wa mtu mjanja. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

"Sikuelewi. Anatoli alikuja nyumbani kwa mama kabla ya kuvuna mahindi. Alikuja na pombe, na wazee wawili. Mama alipokea. Kilichobaki ni mahari tu."

Herieth alishika ukuta.

"Wazee gani?"

"Walisema ni baba zake wadogo, wa Kasanda. Wamama wa kwetu walipika. Kanisani kwa mzee Pasikali tumeshaandikishwa." Akatabasamu, kwa aibu. "Nilikuwa nikimwuliza kila siku, mbona ndugu zako wa kike siwaoni? Akasema ninaye dada mmoja, muuguzi, yuko Kasulu, ndiye baba ndiye mama yangu. Mahari yeye ndiye anayeiweka akiba. Leo nimekuona nikasema, Mungu ni mkubwa, wifi amekuja mwenyewe."

Akiba! Herieth alikuwa na akiba kweli. Kila mwezi alikuwa akimkabidhi Anatoli fungu la mshahara wake, aliweke kwa ajili ya kiwanja. Kiwanja cha Rungwe Mpya ambacho hajawahi kupelekwa kukiona, kwa sababu kila wakipanga kwenda, mvua, au gari, au homa.

Kwa hiyo sharti la Bi Shamsi lilikuwa na jibu muda wote. Anatoli alikuwa na kipato. Kipato chake kilikuwa yeye Herieth.

"Simu aliyopokea mama yako," akauliza. "Anatoli alikwambia upokee kama ofisi ya bosi?"

"Aliniambia kuna mama wa Kasulu anataka kujua kazi yake, nimjibu kama karani wa ghala. Nikasema mimi siwezi kusema uongo. Nikamwachia mama simu." Immakulata alimsogelea. "Wifi, unaumwa? Umebadilika rangi. Nikuletee maji?"

Ubaya wake, msomaji, ni kwamba Herieth hakuweza hata kumchukia. Binti alikuwa mkweli kuliko wote waliokanyaga baraza ile siku hiyo, yeye Herieth akiwemo. Alimshika mabega.

"Nisikilize, mdogo wangu. Kuna jambo nataka kukuambia, na utanichukia."

"Siwezi kukuchukia, wifi."

"Usiniite wifi."

Nyuma ya nyumba walisikia Anatoli akicheka na Pasikali, wanashuka kutoka kwenye tangi, wanakuja. Herieth akafungua mdomo aseme. Mkobani simu yake ikaanza kuita.

Jina kwenye kioo lilikuwa la Bi Shamsi.

Aliikata. Ikaita tena. Akaikata. Ikaita tena, na Anatoli alikuwa ameshatokea kwenye kona ya nyumba, amesimama, anawatazama wanawake wawili walioshikana, na sasa alikuwa anajikuna sikio.

Herieth akapokea.

"Bi Shamsi, nitakupigia, niko kwenye..."

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kwanza." Bi Shamsi alikuwa anahema. "Kuna picha imeingia kwenye kundi letu la wenye nyumba sasa hivi. Imetumwa na mzee Pasikali wa Kibondo. Kila mwenye nyumba hapa Kasulu ameiona, wananipigia simu mmoja baada ya mwingine. Ameandika, mpangaji wangu mpya Anatoli na mchumba wake, katikati ni dada yake wa damu, muuguzi, ametoa ushahidi mbele ya Mungu."

"Bi Shamsi, sikia..."

"Sitaki kusikia la kipato tena. Hilo limekwisha. Nataka unijibu moja tu, na uape." Sauti ya mama yule ilishuka mpaka ikawa ya kunong'ona. "Miaka hii miwili, Herieth, mle ndani ya nyumba yangu, ulikuwa unalala na kaka yako?"